Swali Namba 214

Mbunge wetu, Mheshimiwa Pantaleo, katika miaka yake minne ya kwanza aliuliza maswali ya msingi kumi na moja na ya nyongeza tisa, akasimama kuchangia mara kumi na nne. Najua kwa sababu nimehesabu. Aliuliza kuhusu mnara wa simu, mbegu za pamba, stendi ya mabasi, na siku moja, sijui ilikuwaje, kuhusu mamba wanaosumbua jimbo la mwenzake. Bajeti ilipopigiwa kura, Katibu wa Bunge akiita majina ya wabunge mmoja mmoja, yeye aliitikia "Ndiyo" kila mwaka, isipokuwa mwaka mmoja alipoitwa akawa hayupo. Kuhusu vijana watatu waliofukiwa kwenye machimbo ya Kwa Mageni, hakuuliza kitu.

Mimi ni Noela. Nina stesheneri pale senta kwetu, si mbali na Rwamgasa: kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi inayokohoa kuliko mzee wa kifua kikuu. Wateja wangu ni walimu, wanafunzi, na wachimbaji wanaotaka kuandikiwa barua. Mteja mmoja tu alikuwa anakuja kuulizia Hansard, yale makaratasi ya kila neno linalosemwa bungeni, na mteja huyo hakujua kusoma.

Alikuwa Mama Masalu. Jina lake Apolonia, lakini hakuna aliyemwita hivyo. Mwanawe Masalu alikuwa ndani ya duara, shimo la dhahabu, pamoja na Edward na Adam, udongo ulipokatika mvua za kwanza za Novemba. Watu walichimba siku nne kwa majembe, na kwa kijiko kimoja cha kuazima, ule mtambo wa kuchotea udongo, ambacho kiliharibika siku ya pili. Siku ya tano ikatoka amri kwamba eneo lifungwe kwa usalama, mtu yeyote asisogee. Vijana wakabaki humo humo.

Siku hiyo hiyo ya tano Mheshimiwa alifika na mchele, sukari na turubai. Alipanda juu ya kifusi, na viatu vyake vizuri, akasema, "Hili jambo nalibeba mwenyewe mpaka bungeni. Sitalala mpaka vijana hawa wazikwe." Tulilia sote. Hata mimi nililia, na ndiyo maana mpaka leo namkasirikia mara mbili.

Ofisi zote alizokwenda Mama Masalu walimjibu jibu moja: amri imetoka juu, itatenguliwa juu. Na juu tulikokujua sisi ni kumoja, ni bungeni, na mtu wetu huko ni mmoja. Kwetu matanga hayaanuliwi pasipo kaburi. Padri alisoma misa, akawataja vijana kwa majina yao, Mama Masalu akamshukuru, kisha akarudi kulala chini kwenye mkeka kama mfiwa wa juzi. Miaka minne alilala chini, mwanamke mwenye presha na magoti mabovu.

Basi kila Bunge lilipokaa, alikuja.

"Shikamoo, Mama Masalu."

"Marahaba, mwanangu. Amesema?"

Nilikuwa napakua taarifa, naandika jina la Mheshimiwa kwenye kutafutia, kompyuta inanipeleka alipo. Nikawa na daftari la mistari mikubwa: tarehe, swali, mchango, kura. Mwanzoni nilifanya kwa ajili yake. Baadaye nilifanya kwa hasira. Ulipopita muswada wa kurekebisha sheria ya madini, ambao wangeweza kuingiza hata kasentensi kamoja juu ya watu wanaofukiwa, nilitafuta jina la Mheshimiwa kutwa nzima. Halikuwemo. Kulikuwa na maneno tu yanayoandikwa siku zote, kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Kama alikuwemo ukumbini, aliafiki pamoja na viti.

"Bado, mama," nilikuwa namwambia.

"Ana mengi," alikuwa anajibu. "Jimbo ni kubwa."

Mwaka wa nne zikaja habari kwamba mwekezaji mwenye leseni mpya atasawazisha eneo lote la Kwa Mageni, apate kujenga bwawa la tope la kiwanda chake. Bwawa likishakaa hapo, duara limekwisha, na waliomo wamekwisha. Mama Masalu, Mama Edward, na Hosiana mke wa Adam wakakubaliana: watakwenda kukaa juu ya lile shimo, na mikeka yao, mashine zitakazokuja ziwakute. Mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba atakayeonekana pale atachukuliwa na polisi.

Siku moja kabla ya kwenda, Mama Masalu alikuja dukani asubuhi.

"Kesho tunakwenda," akasema. "Lakini niangalizie kwanza. Kama mheshimiwa amesema, hatuwezi kwenda kukaa pale. Itakuwa tunamwaibisha. Mtu akikusemea, unamsubiri. Kama hajasema, basi, tutajisemea wenyewe."

Nilimwangalia miguu. Ilikuwa imevimba. Nikaona anavyorushwa nyuma ya gari la polisi. Nikaona anavyokaa sakafu ya mahabusu bila dawa zake. Nikaona kifo cha nne. Nikamwambia, "Mtandao unasumbua, mama. Rudi saa kumi."

Nimesoma Hansard miaka minne. Naijua kama mlevi anavyoijua njia ya kilabuni. Nilichukua ukurasa halisi, nikafuta, nikaandika. Swali Namba 214. Mheshimiwa Pantaleo aliuliza: Je, ni lini Serikali itafukua miili ya vijana Masalu, Edward na Adam, waliofukiwa katika machimbo ya Kwa Mageni, ili familia zao ziwazike? Hapo mikono ilikwenda yenyewe. Shida ilikuwa jibu.

Nilitaka Naibu Waziri aseme "Kesho." Duka langu, kompyuta yangu, uongo wangu, nani angenizuia? Niliandika "Kesho" nikaifuta. Niliandika "Mwezi huu" nikaifuta. Ilikuwa haifanani. Mwisho nikaandika kwamba Serikali inatambua uchungu wa familia hizo, kwamba tathmini inaendelea, na kwamba kazi itafanyika ndani ya mwaka huu wa fedha kwa kutumia mitambo, kadri hali itakavyoruhusu. Hata uongo wangu ulitoka wa kiserikali. Niliona aibu, nikabonyeza printa.

Saa kumi nilimsomea mara tatu. Aliponisikia nataja "Masalu" alishika meza.

"Wameandika jina lake?"

"Wameandika, mama."

"Huko Dodoma?"

"Huko huko."

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru kwa Kisukuma, na machozi yakamtoka. "Wabeja sana. Nilijua tu ana mengi." Akaikunja ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kuwaambia wenzake. Keshoye hakuna aliyekwenda kukaa juu ya shimo.

Nilijiambia nimeokoa mtu. Nililala vizuri wiki nzima, Mungu anisamehe.

Wiki ya tatu Mheshimiwa alifanya mkutano wa hadhara uwanja wa shule. Ilipofika zamu ya wananchi kuuliza, Mama Masalu akasimama, akaomba kipaza sauti. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na choo cha wasichana.

"Mimi siulizi," akasema. "Mimi nashukuru. Mheshimiwa, ulisema utalibeba, na umelibeba. Karatasi hii hapa."

Akaipeleka mwenyewe mpaka mezani. Mheshimiwa akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akasoma. Nilimwona. Alisoma mpaka chini, akarudi juu, akasoma tena. Katibu wake akainama kuchungulia. Hao wawili walijua pale pale kwamba swali lile halijawahi kuulizwa. Nikangoja aseme, mama, hii imetoka wapi? Nilikuwa tayari, walahi. Nilikuwa tayari kusema ni mimi.

Akavua miwani, akainyanyua karatasi juu.

"Ndugu zangu, mnaona? Mbunge wenu hasemi kwa mdomo tu. Mbunge wenu ana maandishi!"

Uwanja ukalipuka makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Mtu wa muziki, ambaye hana akili, akaweka wimbo. Mama Masalu akarudishiwa karatasi yake na kushikwa mkono mbele ya kamera.

Niliinua mkono. Kweli niliuinua, hadi hapa begani. Mtendaji alikuwa mbele yangu pamoja na askari wawili, na kughushi karatasi ya Bunge si sawa na kughushi cheti cha ubatizo. Nikaushusha. Watu wanauliza kwa nini nchi haiendi. Mimi nawaambia waje wauone ule mkono wangu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa ndefu kuliko walivyodhani.

Siku tisa baada ya mkutano, vijiko viwili na greda moja vilipita senta mapema asubuhi, vimepakiwa kwenye magari makubwa, kuelekea Kwa Mageni. Nilikuwa nafagia mlangoni. Nikajua vinakwenda kufanya nini. Ila nilisahau kwamba mimi ndiye niliyeandika "mitambo".

Akina Mama Masalu hawakusahau. Nilipofunga duka na kupanda bodaboda kuvifuata, nilikuta njia ya machimboni imejaa watu waliovaa nguo za msibani. Mama Masalu alikuwa mbele, amevaa khanga mpya, na mikononi ana sanda nyeupe imekunjwa. Mama Edward alikuwa na yake. Hosiana alikuwa na yake. Mzee mmoja alikuwa ameleta jembe la kuchimbia kaburi, na wanakwaya wa kigango wameshaanza wimbo. Kwenye shamba la Mama Masalu, nilikuja kujua baadaye, kaburi moja lilikuwa tayari limechimbwa tangu alfajiri.

"Noela!" akaniita kwa furaha. "Mwanangu, wamekuja! Ndani ya mwaka wa fedha, kama ulivyonisomea!"

Nikaungana nao. 

Kwenye uzio walinzi waliwaambia wasimame mbali kwa usalama, na wakasimama mbali kwa heshima, maana Serikali inafanya kazi yake. Kijiko cha kwanza kikazamisha meno kwenye kilima cha mawe taka, kikanyanyua, kikageuka, kikamwaga ndani ya duara.  Watu wakadhani dereva amekosea. Kikarudi, kikachota tena, kikamwaga tena.

"Anaweka njia ya kupita," akasema Mama Edward.

Hakuna aliyembishia. Waliangalia kijiko kikimwaga mara ya tano, mara ya kumi. Wanakwaya waliacha kuimba mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Mchana greda likapita juu ya mahali palipokuwa shimo, likaenda na kurudi mpaka pakawa sawa kama uwanja wa mpira. Mama Masalu alikuwa bado ameishika sanda, haikuwa na vumbi hata kidogo kwa vile alivyoikumbatia. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Hivi walikuwa hawajamaliza tathmini?"

Lile kaburi la shambani mvua ililijaza maji. Baadaye wakalifukia, kwa sababu ya watoto.

Bunge la bajeti likakaa. Sikutaka hata kuwasha kompyuta, lakini mazoea yana taabu. Nikapakua, nikaandika jina lake, nikaandika na Kwa Mageni, kama nilivyofanya miaka minne bila kupata kitu. Safari hii kompyuta ikasimama mahali. Nikasogea karibu na kioo. Mheshimiwa Pantaleo, akichangia hotuba ya bajeti, alisema: "Mheshimiwa Spika, naishukuru sana Serikali kwa kulimaliza suala la vijana watatu wa Kwa Mageni, ambalo nimelisemea mara nyingi ndani ya Bunge lako tukufu. Wananchi wangu wameridhika." Kwenye mabano wameandika: Makofi. Akaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Katibu alipoita majina akaitikia "Ndiyo".

Sasa ni kweli. Imo kwenye taarifa, ina tarehe, ina ukurasa, na mtu yeyote atakayekwenda tena ofisi yoyote kuuliza habari za wale vijana ataonyeshwa ukurasa huo. Nikaandika kwenye daftari: mchango mmoja.

Mama Masalu alikuja alasiri. Sikumtegemea. Alikuwa amepungua, na khanga ilimzunguka mara mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amesema?"

Kwa mara ya kwanza sikuwa na haja ya kumdanganya. "Amesema, mama."

"Soma."

Nikasoma. Sikuruka neno. Aliposikia "wameridhika" alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesalimiwa na asiyemjua. Mashine ya fotokopi ikakohoa.

"Wamepiga makofi?"

"Wamepiga."

"Na jina la Masalu limo?"

Nikaangalia tena, ingawa nilijua. "Halimo. Amesema vijana watatu."

Akafungua pindo la khanga, akatoa ile karatasi yangu, Swali Namba 214, imechakaa kwenye mikunjo mpaka inaanza kukatika. Nilitaka kumwambia. Nilisema, "Mama, karatasi hiyo," nikaishia hapo, kwa sababu alikuwa ameshaiweka mezani na anainyoosha kwa kiganja, taratibu, kama shuka la mgonjwa.

"Basi hiyo mpya kaa nayo," akasema. "Hii ndiyo yenye jina lake. Niwekee nailoni ngumu isiloane, nikaizike."

Nikaiwekea.