Jua Halikupanga Matofali

Uliangalia pembeni. Usibishe, nilikuona. Reverien aliposimama mkutanoni ameshika tofali, wewe uliinama ukaanza kubandua mbigili kwenye suruali, kana kwamba ndiyo ajenda.

Lakini kosa la kwanza ni langu, mimi Venanti, na nalisema mwenyewe.

Agosti ya mwaka sabini na mbili, redio ya dukani kwa Abbasi, pale Kasulu mjini, ilinyamaza mchana kweupe, na betri ni mpya. Siku chache baadaye nchi ikatikisika. Sukari niliyonunua ilikuwa imefungwa kwenye gazeti kuukuu. Humo nikasoma kwamba jua likichafuka, redio hukatika, na kwamba wapo wataalamu wanaoshuku kuwa msukosuko huo huamsha hata matetemeko. Nikatafuta daftari. Redio ikikata na nchi ikitikisika, naandika. Miaka miwili, mara sita. Nikajiona msomi.

Tarehe tano Julai, mwaka huu wa sabini na nne, redio ikakata tena. Nikatangaza kilabuni: "Siku tatu hazipiti!" Tarehe nane nchi ikatikisika, na ukuta wa zahanati ya kijiji chetu kipya, huku njia ya Titye, ukamwangukia Esteri, mke wa Reverien, akisubiri mtoto wake apimwe uzito. Zahanati ilikuwa imefunguliwa jana yake tu. Mtoto tulimtoa mzima chini ya kifua cha mama yake. Esteri, hapana.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi aliniomba daftari. Nikampa kwa mikono miwili.

"Profesa wetu aliona mapema," akasema mkutanoni, akilipunga. "Ni jua, ndugu wananchi. Nani hapa atalikamata jua?"

Mkacheka. Nami nikatabasamu, Mungu anisamehe.

Ndipo Reverien, mkimbizi wa Burundi aliyefyatua matofali yale mwenyewe, akainuka. "Mzee mwenyekiti, haya hayajaona moto. Nilikwambia tanuru bado, ukasema mgeni rasmi anakuja Sabasaba. Na saruji hatukuiona. Tulijengea tope."

"Wewe umepewa shamba, umepewa majirani. Sasa unataka na mahakama?"

Reverien akaketi, tofali magotini.

Kesho yake nikaenda kwa Abbasi kujisifu ili nisilie. Akanisikiliza huku anapima chumvi.

"Bwana Venanti, mwezi wa tatu redio ilikata mara mbili, ukanizuia nisiipige makofi. Nchi ilitikisika?"

"Haikutikisika."

"Uliandika?"

"Sikuandika."

"Na tetemeko la Pasaka? Redio hii ilikuwa inaimba, wewe unakunywa chai yangu ya bure."

Nalo sikuliandika. Miaka miwili nilikuwa naandika yaliyonipendeza tu.

Kama jua linatikisa ardhi, sijui. Wenye mitambo nao wanabishana. Ninachojua ni kwamba siku ile, hatua arobaini kutoka zahanati, sufuria ya maharage ya jirani yetu Mwajabu haikumwaga hata tone la mchuzi. Kilichoanguka ni tope.

Nikarudi kudai daftari langu.

"Limekwenda wilayani pamoja na ripoti," mwenyekiti akasema. "Umeshakuwa mkubwa, bwana. Shukuru."

Chumba cha pili cha zahanati bado kimesimama. Matofali ni yaleyale, tope ni lilelile, juu wamepaka chokaa. Jumatatu kinafunguliwa kiwe cha wazazi, na wa kwanza kulazwa ni Kuruthumu, binti wa Mwajabu, mimba ya kwanza. Mumewe nilimweleza kuwa ukuta ule ni tope tupu. Akasema, "Si wamesema ni jua?" Maneno yangu hayo, yamenirudia mdomoni mwa mwingine.

Leo ni Jumamosi. Chukua msumari, njoo uuchome kwenye ukuta ule. Ukizama kama kidole kwenye ugali, usiende kumwuliza mtu: shika kitanda upande mmoja tukitoe nje, mimi nimeshashika wa pili. Reverien yuko mlangoni na mtoto mgongoni. Njoo sasa hivi.