Miguu Iliyooshwa Nyumbani

...na kisigino amekisugua kwa jiwe, nakiona, hakina ufa hata mmoja, mafuta mpaka vidoleni, ndiyo miguu nitakayoiosha mimi leo, miguu ya Jenipher, misafi kuliko uso wangu, na ya kwangu hivyo hivyo, jana nimekaa uani na sabuni ya kufulia nikasugua mpaka ngozi ikaniwasha, kwa sababu mama zetu ndivyo walivyotufundisha, huduma ya miguu huendi na uchafu, utamwaibisha mwenzako, basi kila robo mwaka wanawake wote wa kanisa letu hapa Iguguno tunajiosha nyumbani ndipo tunakuja kuoshana, eti unyenyekevu, kwenda huko, tunachovya vidole majini, tunafuta kwa taulo jipya, tunakumbatiana, tunakwenda kushiriki meza ya Bwana... "Mama Deo, maji wameyachelewesha, eh?" Jenipher huyo, namwambia wanachemsha, natabasamu, na hilo tabasamu langu la kanisani nalo linanichefua, limeniganda usoni kama kigaga, tangu Leonard, mume wangu, afariki, sala imenikauka, nasema maneno tu, Baba yetu, Baba yetu, kama mtu anayebisha hodi nyumba iliyohamwa, ndiyo maana nikaapa Sabato hii narudi kwa Mungu, narudi kweli, na nisiposikia kitu leo basi, nitakuwa nakuja kuimba na kurudi kupika... khaa, nani huyo? Anaingia kweli? Belinda. Wifi yangu, dada wa marehemu, na matope mpaka karibu na magoti, mvua imenyesha jana, sawa, lakini bomba si lipo pale getini, wote tumesuuza miguu, yeye amelipita tu, amekaa benchi la nyuma, anavua kandambili, na udongo ule naujua, mweusi, unang'ang'ania, ni wa shamba langu la alizeti, shamba nililolima na Deo mgongoni, na matanga hayajaisha vizuri huyo huyo akasimama mbele ya wazee wa ukoo akasema huyu mwanamke alikuja mikono mitupu, ataondoka mikono mitupu, nikaondoka, wazee wakaangalia pembeni, na leo ananiletea udongo wangu kanisani, kwenye kucha, ukucha wa kidole gumba umekufa, na ile mipasuko ya kisigino, ungeweza kupanda mbegu mle ikaota, puu...

"Nani hana mwenzake?" Witness, shemasi wetu, amesimama mlangoni na beseni, mvuke unatoka, wanawake wote wanaangalia sakafu, ghafla kila mtu ana mwenzake, hata mama aliyekuwa peke yake sasa hivi kahamia kwa jirani, na Belinda hanyooshi mkono, anaangalia miguu yake kama ndiyo kwanza anaiona, anaisukuma chini ya benchi, aone haya, vizuri, akae hivyo hivyo mpaka ibada iishe... lakini mbona amekuja, tangu msiba hajakanyaga huduma hii, amekuja leo, na hivyo alivyo, na katika chumba hiki chote miguu inayohitaji maji ni hiyo yake tu, sisi wengine tunachezea... hapana. Si yeye, jamani. Mwingine yeyote, hata yule mama wa pombe kule mnadani, nitamwosha na kucha nitamkata, lakini si huyo, sitaki, unasikia, nilikuomba unirudie, sikukuomba uniletee huyo, nilikuomba Leonard apone pale hospitali ukanyamaza, nikakuita na kukuita ukanyamaza, leo ndiyo unajibu, na jibu lenyewe ni matope, huoni haya wewe... na nasema na nani? Ninamgombeza nani hapa? Mungu wangu. Ni wewe. Si Baba yetu ya kukariri, ni ugomvi, kama nilivyokuwa nikigombana na Leonard jikoni, maana unagombana na mtu aliyepo. Haya, sikiliza basi. Sijamsamehe. Usije ukadhani. Shamba nalitaka, na yeye simtaki, na nikishika kile kisigino labda nitatapika hapa hapa mbele ya kanisa lako, na ukicheka shauri yako, umeyataka mwenyewe...

"Jamani, nani hana mwenzake?" Witness anauliza tena, maji yanaanza kupoa, Belinda bado ameinama, Jenipher amekwisha kuninyooshea miguu yake inayong'aa, anasubiri, na mimi nimegeukia benchi la nyuma, nakunja mikono ya gauni, taratibu, mpaka juu ya viwiko.