Bugaluu Ukingoni mwa Ndiva

"Milima hii naijua kuliko mbuzi wanaozaliwa humu," alisema Muhidin, na wala hakuwa anatania.

Alizaliwa Makanya, kwenye vumbi la jasi, akafungua studio Same mjini, na milimani alikuwa amepanda mara chache tu, nyingi kwenye misiba. Lakini mdomo wake haukuhitaji kupanda popote. Ulikuwa umeshafika kileleni zamani, unawapungia mkono walio chini.

Wasikilizaji wake hapo studioni walikuwa wawili: Loth, fundi wa mitambo huko machimboni, na mchumba wake Faraja, binti wa Mbaga, juu kabisa milimani. Walitaka picha za kabla ya harusi, na Faraja alishaweka mambo wazi. Picha hizi ndizo mtihani. Zikimpendeza, Muhidin atapiga na harusi yenyewe. Akiona ujanja ujanja, harusi itapigwa na Abdulmajid wa Moshi, mtu ambaye Muhidin akisikia jina lake tu, chai humpalia.

"Sasa sikilizeni," Muhidin akasema. "Tunarudi miaka ya sabini. Loth, suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, soli kama tofali. Shemeji, gauni la madoadoa na nywele kama mwavuli. Mnasimama na baiskeli ukingoni mwa ndiva. Chini kwenye maji mnaonekana tena, miguu juu. Watu watageuza simu mpaka shingo ziwaume."

Ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba kule Mbaga, aliiona mwenyewe. Alikwenda alfajiri moja kukagua mahali, akaikuta imejaa hadi ukingoni, imetulia kama kioo cha saluni. Akapanga siku ya Jumamosi, alasiri, jua likiwa laini.

"Ulimuuliza mtu wa kule?" Faraja akauliza.

"Nimuulize nini? Kwani maji yana ratiba?"

Faraja akamtazama Loth, akaziba kicheko kwa kiganja.

Maji yana ratiba. Tena kali kuliko ya basi la Dar. Ndiva huzibwa jioni, ikakusanya maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi ikazibuliwa, watu wakamwagilia kwa zamu. Ikifika alasiri, maji yote yapo kwenye mahindi na maharage ya wenyewe. Mtoto wa Mbaga anayejifunza kutambaa anajua hilo. Mtaalamu wetu kutoka Same alilijua Jumamosi hiyo aliposhuka garini na kamera shingoni, akakuta tope, vyura, na kijito chembamba kinachopita katikati kwenda kutokea kwenye tundu la chini.

"Mzee baba," Loth akasema, bugaluu lake likiwa bado begani, "kioo kimekwenda wapi?"

"Subiri kwanza. Mwanga ndio unajipanga."

"Muhidin," Faraja akasema kwa upole, "sema tu umekosea. Tutarudi kesho alfajiri. Hakuna atakayekucheka."

Kama angeishia "tutarudi kesho", huenda yule kijana angeokoka. Lile la kucheka ndilo lililomchoma.

"Nikosee mimi? Nendeni mkavae, shemeji. Polepole. Hizo nywele zitengeneze vizuri. Mkirudi mtaona."

Walipozama nyuma ya gari, akashuka mbio hadi kwenye tundu. Akachukua gunia lililobeba vifaa, akalisokomeza, akajazia majani makavu ya mgomba, akakanyaga kwa kisigino. Maji ya mfereji yakaendelea kuingia na hayakuwa na pa kutokea. Taratibu yakatandaza juu ya tope utando mwembamba, na kwa kamera iliyolazwa chini kabisa, utando mwembamba unatosha sana.

Ni kweli, picha zilitoka. Loth kaegemea baiskeli na kidevu juu kama mwanamuziki, Faraja kakaa kwenye kiti cha nyuma na redio mapajani, na chini yao wawili wengine wananing'inia kichwa chini, milima imewakalia nyayoni. Faraja alipoona kwenye skrini akasahau hata kukunja uso.

Walikuwa bado wanazitazama alipotokea Bibi Honorata, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani na jembe mkononi.

"Shikamoo, Bibi," wote watatu kwa pamoja.

"Marahaba, wajukuu. Zamu ni yangu, na maji yamekatika. Mmeona nini huku?"

Loth akafungua mdomo. Muhidin akamuwahi.

"Bibi, hata sisi tumeshangaa! Wenzangu wamekwenda kuvaa, kugeuka hivi nikakuta tundu limejiziba. Gunia limeletwa na maji, majani yamelifuata, halafu chura mkubwa kakaa juu, kama mlinzi. Nikasema, kuna bibi wa watu anangoja maji, picha zisubiri! Ndiyo kwanza nilikuwa nashuka." Akashuka kweli, akavuta gunia kwa kelele nyingi, maji yakafyatuka, yakamlowesha mpaka kifuani. Akarudi anatiririka. "Hata asante sitaki, Bibi. Malezi tu."

"Mungu akubariki, kijana."

Faraja akamtazama alivyolowa, akatazama picha, akacheka. "Haya, nimekubali. Harusi ni yako."

Muhidin akakifuta kifua kama mtu anayepangusa nishani.

Bibi Honorata akatua mzigo wake chini, akajikalia juu yake.

"Nilikuwa hapo juu kwenye matuta, nakata majani," akasema. "Nikaona mtu kachutama kwenye tundu. Nikajua anajisaidia, nikageuka, kwa heshima. Nilipogeuka tena nikamkuta anakanyaga gunia kwa kisigino, huku anapiga mluzi. Nikasema nisimpigie kelele, nishuke anieleze mwenyewe." Akamtazama Muhidin bila hasira yoyote. "Umeeleza vizuri, mjukuu wangu. Ila huyo chura sikumwona."

Loth akageukia milima, mabega yanamcheza.

Faraja akazima skrini ya kamera, akamrudishia mwenyewe.

"Ile ya harusi ngoja kwanza," akasema. "Hebu rudia, Muhidin. Anzia hapo kwa chura."