Kuinuka Mkekani

Mwanangu Calist ana tabia moja aliyoirithi kwa baba yake: akitaka kumaliza ubishi, anatoa ahadi anayoamini haitamfika. Jioni moja, nyumbani kwake Kibaha, nilimwambia kwa mara nyingine kwamba nataka kurudi kijijini kwangu Chole. Akaweka kikombe cha chai mezani.

"Sawa, Mama. Siku utakayoinuka sakafuni mwenyewe, bila kushikwa na bila kushika kitu, nakurudisha siku hiyohiyo."

Mkewe, Aneth, aliinamisha uso. Alijua, kama mumewe alivyojua, kwamba hilo ndilo lililonishinda. Wakati wa masika nilianguka jikoni kwangu nikienda kuepua sufuria. Sikuvunjika mfupa hata mmoja, ila sikuweza kuinuka. Nililala pale chini tangu asubuhi, nikiutazama uvungu wa kabati ambao siku zote nilijidanganya kwamba naufagia, mpaka jirani yangu Sikudhani alipokuja alasiri kuazima ungo. Alipiga magoti pembeni yangu, akanifuta uso kwa khanga yake, akamwita mumewe, Pazi, wakaninyanyua. Kabla jua halijazama, watoto wangu walikuwa wamekwisha kuamua kwamba sina tena umri wa kukaa peke yangu.

"Ahadi ni deni," nikamjibu Calist.

Sina ugomvi na nyumba ya mwanangu. Ina maji ya bomba, ina feni, na Aneth ni mkwe ambaye wenzangu wananionea wivu. Lakini mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mimi jembe nililiomba nikanyimwa. Nikishika ufagio, nanyang'anywa. Nikimenya vitunguu, naambiwa pumzika, Mama. Mimi niliyepika shule ya bweni hadi nikastaafu, nikisonga ugali kwa mwiko wa kushika kwa mikono miwili, leo naletewa hata maji ya kunawa! Nilikuwa nakasirika, kisha nasali, na nikimaliza kusali nakasirika upya. Miguu nayo ilizidi kulegea. Nikaona wazi kwamba nikiendelea kupumzika hivi, nitapumzika moja kwa moja.

Basi nikaanza. Calist akienda kazini na Aneth akienda dukani kwake, nilifunga mlango wa chumba, nikatandika mkeka, nikashuka. Kushuka si kazi, hata gunia linashuka. Kuinuka ndiko kulikonitoa machozi. Nilijaribu kuinua kifua kwanza, kama mtu anayeamka kitandani, nikarudi chini. Mara nyingi niliishia kutambaa na kujivuta kwa ubao wa kitanda, na hiyo, kwa masharti ya mwanangu, haikuhesabika.

Aliyenifundisha ni ng'ombe. Jirani yao, mzee Ashrafu, ana ng'ombe wa maziwa nyuma ya ua wa michongoma, na mimi kwa kukosa kazi nilikuwa namtazama ng'ombe huyo kama wengine wanavyotazama tamthilia. Nikagundua kwamba ng'ombe hainui mbele kwanza. Anabaki amepiga magoti ya mbele, ananyanyua matako, ndipo kichwa kinafuata. Nilicheka peke yangu, nikaingia chumbani kujaribu. Nikageuka ubavu, nikapiga magoti, nikaweka viganja chini, nikanyanyua makalio juu, nikawa narudisha viganja kidogo kidogo kuelekea miguuni. Sikufika mwisho siku hiyo, wala wiki hiyo. Nikaongeza kuizunguka nyumba kwa miguu kila asubuhi. Wakati wa taarifa ya habari nilikaa na kusimama, nikakaa na kusimama, hata Aneth akaniuliza kama nina wasiwasi.

Siku niliyofaulu, nilisimama katikati ya chumba kwa furaha, na sikumwambia mtu. Leo nilikuwa naweza, kesho nashindwa, na mwanangu namjua, angenipa nafasi moja tu.

Nilikuwa bado sijawa na uhakika ilipoingia simu kutoka Chole. Pazi amefariki.

Tulikwenda sote watatu kwa gari la Calist, tukapitia Mlandizi na Mzenga. Pale msibani Calist alibaki nje na wanaume chini ya turubai. Mimi na Aneth tukajifunika khanga, tukaingia ndani. Wanawake walijaa mikekani, na Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kona, macho yamevimba. Aneth, mtoto mwema, tayari alikuwa amenipatia kiti cha plastiki.

"Mama, kaa hapa."

Nilikitazama kile kiti. Sikudhani alipiga magoti sakafuni kwa ajili yangu. Leo nimpe pole nikiwa juu kama hakimu?

"Mpe mwingine," nikasema.

"Mama, ukishuka utainukaje?" akaninong'oneza.

"Shauri yangu."

Nikashuka. Sikudhani akaniegemea begani akalia, na mimi nikalia naye. Nilimpenda Pazi. Siku ile aliponinyanyua alisema amebeba magunia ya korosho mepesi kuliko mimi, na ndicho kicheko pekee nilichocheka siku hiyo.

Ukafika wakati wa kumtoa marehemu. Wanaume waliingia kuchukua jeneza, Calist akiwa kati yao, na mama mmoja akatuambia tusimame tuwapishe njia. Wote wakasimama, hata Sikudhani, akishikiliwa na dada zake. Nikabaki mimi chini, nimezungukwa na miguu ya watu. Calist aliniona akiwa mlangoni. Aneth alikuwa upande wa pili wa chumba, akaanza kujipenyeza. Mwanamke aliyekuwa karibu akaninyooshea mkono.

"Usinishike," nikamwambia, kwa ukali usiofaa msibani.

Kule chumbani Kibaha kitu kimoja sikukifikiria, nacho ni aibu. Kunyanyua makalio umejifungia ni jambo moja. Kuyanyanyua mbele ya kijiji, marehemu anasubiri njia, ni jambo jingine kabisa. Ningeweza kuushika ule mkono na hakuna ambaye angenilaumu. Ningerudi Kibaha kwenye feni, na huko ningekaa hadi siku yangu ya kubebwa.

Nikageuka ubavu. Nikapiga magoti, nikaweka viganja mkekani, nikanyanyua makalio. Nyuma yangu nilisikia kicheko kilichobanwa kwa khanga. Nikarudisha viganja. Goti la kushoto likagoma, nikalisubiri. Nilikuwa naona vidole vyangu vya miguu, na jasho linadondoka juu yake. Nikajisukuma kwenye mapaja, nikasimama. Nikafunga khanga yangu vizuri, nikamfuata Sikudhani ukutani, nikamshika mkono. Pazi akapita mbele yetu.

Jioni, baada ya mazishi, Calist aliliwasha gari akaniita. Aneth alikuwa amekwisha kuingia. Mimi nikasimama nje ya dirisha.

"Nani alikuinua?" akauliza, ingawa aliona.

"Hakuna aliyemgusa," Aneth akajibu kabla yangu.

Calist akashusha pumzi. "Mama, ile ahadi niliitoa kwa hasira tu."

"Na mimi nikaifanyia kazi."

"Ukianguka tena je? Pazi hayupo. Sikudhani ndiyo anaingia eda, hatatoka. Nani atakuja kukuona?"

"Safari hii mimi ndiye nitakayekwenda kumwona yeye, kila asubuhi. Siku asiponiona, atatuma mtu."

Akaweka mikono juu ya usukani, akainama. Nilidhani anatafuta hoja nyingine. Kumbe analia, mwanaume mzima mwenye mvi kidevuni.

"Naogopa, Mama."

Nikamshika shavu kupitia dirishani. Hasira yangu yote ya Kibaha ikaniisha.

"Hata mimi naogopa, mwanangu. Lakini kama ni kuogopa, niache nikaogopee kwangu."

Akazima gari. Akashuka, akatangulia kwenda kunifungulia mlango wa nyumba. Nikamwambia asubiri, funguo ninazo mimi.