Kupunguza Mzambarau

Mama alikubali kuhamia nyumba mpya niliyotaka kujenga kwenye kiwanja chetu cha zamani kwa sharti moja: mzambarau wa hapo ubaki. Alitufulia nguo chini yake tangu tukiwa wadogo, na hakuona kwa nini uzeeni aende kuanikwa juani pamoja na hizo nguo.

Miti mingine kiwanjani ilikuwa imeliwa na mchwa. Nikampigia simu fundi wa msumeno, tuliyezoea kumwita Radi.

"Iliyooza kata yote. Mzambarau upunguze tu, usije ukafika kwenye bati."

"Niupunguze sana?"

"Sana. Mvua ziko karibu."

Jioni nilimpeleka Mama kuona kazi. Miti iliyooza ilikuwa imelala chini, unga wa mbao umetapakaa kila mahali. Mzambarau ulinifika magotini.

"Umebaki," alisema Radi, akazima msumeno.

"Radi, hiki ni kisiki!"

"Kaka, si ulisema niupunguze? Haya, unagusa bati huo?"

Bati lenyewe lilikuwa bado dukani. Ilibidi nikubali kwamba haugusi.

Mama alikizunguka kisiki, akakikalia, akanyoosha gauni lake magotini.

"Hongera, mwanangu. Utahamia salama."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nina kwangu."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilinunua mche wa mzambarau, nikamwomba Mama aje kiwanjani.

"Chagua pa kuupanda, Mama. Popote."

Mwashi alikuwa ameshafunga kamba kwenye vigingi vya msingi. Mama alitazama huku na huku kama anayechagua kitambaa, akaivuka kamba, akasimama katikati ya sebule.

"Hapa."

Mwashi alichomoa penseli sikioni. "Mama yangu, hapo ndipo linapokaa kochi."

"Kochi lina miguu, baba. Litasogea."

Mwashi akanigeukia. Nami nilikwisha kusema popote. Nikachukua jembe. Yeye akaanza kung'oa vigingi, akiuliza hewani kama na choo nacho kina miguu.

Nilipomaliza kufukia, Mama aliutazama mche. Ulikuwa na urefu wa mwiko.

"Kivuli lini?"

"Itachukua miaka, Mama."

Akafikiri kidogo.

"Basi jengeni upesi. Siwezi kuwa nakuja huku kila siku na ndoo."