Mnong'onezaji wa Kassel

Miaka kumi na tisa nilishona mavazi katika jumba la maigizo mjini Kassel, na miaka yote hiyo nilimtania Alfons Rehbein aoe. Alikuwa mnong'onezaji wetu: anakaa kwenye kishimo mbele ya jukwaa, kitabu mkononi, anamkumbusha mwigizaji maneno akiyasahau. Nilimpigia debe dada yangu mjane. Yeye alicheka tu na kuzisifu keki zangu.

Mwaka 1979 tukaandaa mchezo juu ya wanaume waliofungwa na Wanazi kwa kupendana wao kwa wao. Nikashona pembetatu ishirini na mbili za rangi ya waridi, alama yao kambini. Mwishoni vita vimekwisha, Wamarekani wanafungua lango la kambi na mfungwa, aliyeigizwa na Detlef, anasema, "Naenda nyumbani." Pazia linashuka.

Katika mazoezi ya mwisho sauti ikatoka kishimoni.

"Hakwenda nyumbani."

"Mzee, kazi yako kunong'ona," akasema Volker, mwongozaji wetu. "Kutunga tuachie wenyewe."

"Mimi nilitolewa kambini nikapelekwa jela, nimalizie miezi kumi na minne iliyobaki ya kifungo changu. Hakimu mwingine, sheria ile ile ya Wanazi."

Nusura nimeze pini zilizokuwa mdomoni mwangu. Miaka kumi na tisa ya kumtania aoe, na keki zangu!

"Pole sana, mzee," Volker akasema. "Lakini siwezi kuwarudisha watu makwao wamenuna. Maneno yabaki. Ukiyagusa, kesho yake usije tena kazini."

Alfons alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Akafungua tena kitabu chake.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulifurika. Lango likafunguliwa. Detlef, ambaye hakuwahi kusahau hata neno moja, akasimama kimya na kikoba chake. Akatazama kishimoni. Akangoja.

"Mpe neno!" Volker akafoka chinichini kando ya jukwaa. "Mpe neno, we mzee!"

Alfons akampa. Hakunong'ona, hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia.

"Nipelekeni jela. Sijamaliza."

Detlef akayarudia, akanyoosha mikono ifungwe. Mmarekani wetu hakuwa na pingu, akamshika kiwiko na kumrudisha ndani. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikaa tu, pazia limeshuka.

Nilipomfikia Alfons, alikuwa anakusanya vitu vyake: miwani, chupa ya chai, mto wa kukalia.

"Dada yako hajambo?" akaniuliza.

"Hajambo," nikamjibu, nikamwomba radhi huku nalia.