Taa ya Upande wa Wanawake

Niliamshwa na sauti ya nazi ikikunwa. Kwaru, kwaru, polepole, kama ya mtu asiyetaka kusikika. Nje kulikuwa bado giza. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa tisini na nane, na msikiti wetu hapa Munje haukuwa ukituamsha tena kwa daku, kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kikifa kila alfajiri tangu mwezi uandame.

Nilimkuta mjukuu wangu Mishi jikoni, amekaa juu ya mbuzi, nazi imejaa sinia nzima.

"Zote hizi za nani, mwanangu?"

"Nitakuwa nikikupikia mafuta ya kuuza, Bibi. Sirudi chuoni."

Mishi alikuwa chuo kikuu, Nairobi. Alitaka uhandisi wa umeme, lakini alama zake za fizikia zilipungua kidogo, basi walimpokea kwa sharti la kuanza na mwaka wa matayarisho. Asome hesabu na fizikia kwanza, apite, ndipo aingie kwenye uhandisi wenyewe. Muhula wa kwanza akaanguka mtihani wa umeme. Walimpa ruhusa ya kuurudia Januari.

"Hata waya sijashika," akasema, "na hapa kila mtu ananiita injinia."

Ni kweli. Tangu aje likizo watu walimletea redio, tochi, hata pasi ya makaa. Walisikia anasomea stima, wakashika njia ya kwetu. Yeye alikuwa akijificha chumbani, na mimi nikiwaambia amelala.

"Kula daku," nikamwambia. "Mengine tutazungumza mchana."

Alasiri akapiga hodi Maalim Suleiman, muadhini wetu. Alikuwa amebeba amplifaya ya kipaza sauti cha msikiti kifuani kama mtoto, ameifunika kanga ya mkewe isiingie vumbi. Nyuma yake alikuja jirani yetu Kilonzo akisukuma baiskeli, betri imefungwa kwenye keria. Kilonzo ni Mkristo kutoka Ukambani, lakini ndiye aliyekuwa akiipeleka betri ya msikiti Msambweni kuchajiwa, kwani stima ilikuwa haijafika kwetu, na hakuna aliyemwomba.

"Bi Mbodze," akaniambia, "hawa watanifanya muadhini. Kila siku naileta imejaa, kila asubuhi imekufa."

"Ukiadhini wewe, Kilonzo, hata samaki watahama," Maalim akamjibu.

Mishi hakuweza kujificha. Maalim ndiye aliyemfundisha alifu na be. Akatoka, akamwamkia shikamoo, akabaki amesimama.

"Marahaba, mwanangu injinia. Hebu nitazamie. Mafundi wa Ukunda wataka tununue nyingine."

Mishi akatikisa kichwa.

"Maalim, mimi si injinia. Sijui kuitengeneza. Niko mwaka wa matayarisho, na mtihani nimeanguka."

Maalim akaiweka amplifaya juu ya mkeka taratibu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mafundi wote niliowapitia walisema wanajua. Wewe ni wa kwanza kuniambia kweli. Sasa, hayo matayarisho, hayasemi lolote kuhusu betri?"

Mishi akachutama kando ya baiskeli, akasoma maandishi ya betri, akauliza inawasha nini na nini.

"Kipaza sauti na taa, basi. Na taa naizima mwenyewe baada ya tarawehe," Maalim akajibu.

Akachukua kipande cha mkaa, akaanza kuandika kwenye mlango wa jikoni. Akazidisha, akagawanya, akafuta kwa kiwiko, akaanza upya. Hakuna aliyemharakisha. Kilonzo alikuwa akifukuza kuku kwa mguu, kimyakimya, wasimsumbue.

"Betri hii ni mpya," Mishi akasema mwishowe. "Kwa hesabu hii ingefika alfajiri na ikabaki. Hakijaharibika kitu, Maalim. Kuna kitu kinaila usiku kucha." Akanigeukia. "Bibi, kule kwetu nyuma ya pazia, taa huzimwa na nani?"

"Si Maalim?"

"Mimi?" Maalim akashtuka. "Upande wa wanawake siingii, Bi Mbodze. Hata kuchungulia sichungulii!"

Subhanallah. Sisi tulikuwa tukiikuta taa imewaka, tunasali, tunatoka kwa mlango wetu na kuiacha hivyo hivyo, tukimwombea Maalim dua kwa kutuwashia. Kumbe swichi yake haikuwahi kuzimwa, na betri ikiunganishwa tu yawaka yenyewe. Naye, kwa adabu zake, hakuwahi kuinua pazia.

Kilonzo alicheka mpaka akaishikilia baiskeli isianguke. "Yaani nimepiga pedali wiki nzima kwa sababu ya heshima zenu!"

Nazi za Mishi zilipikiwa futari ya siku hiyo. Tukampelekea Kilonzo na mkewe Kamene bakuli la muhogo, na baada ya tarawehe taa ya wanawake nikaizima kwa mkono wangu.

Wakati wa daku sauti ya Maalim ilifika mpaka ndani ya chandarua. Mishi alikuwa ameketi kitandani mwake, anasikiliza.

"Bibi, swali lililoniangusha lilikuwa hili hili. Betri, taa, saa ngapi. Kule nilikuwa napanga namba tu. Sikujua zinasema nini."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kulijibu tena. Sijui kama nitapita."

"Nenda ukaone," nikasema.

Januari, siku ya kuondoka, nilimbebea mfuko mpaka barabarani. Akanishika mkono asiuachie.

"Bibi, uliponitembelea Oktoba nilikukalisha nje getini, nikakununulia soda tu. Niliona haya, nikichelea wenzangu wasije wakakwambia niko darasa gani."

"Soda ilikuwa baridi," nikamwambia. "Mimi nilistarehe."

Akacheka, machozi yakimlengalenga. "Njoo tena, Bibi. Safari hii uingie ndani, nikuonyeshe ninapokaa."